Mkalimani wa Kati: Historia ya Tafsiri katika Kiswahili Kutoka Misafara hadi Simu ya Mkononi

Utangulizi

Katika miaka ya hivi karibuni limekuwa jambo la kawaida kumwona mtu amesimama mbele ya bango la lugha asiyoijua, akaielekeza simu yake kwenye maandishi, na baada ya kitambo kidogo akayasoma kwa lugha yake mwenyewe. Kadhalika mwajiri na mwajiriwa wasio na lugha moja wanaweza kuzungumza kwa kupokezana simu, mmoja akisema na mwingine akisikiliza. Chombo hiki huhesabiwa na wengi kuwa kitu kipya kabisa, kisicho na mzazi wala nasaba. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Programu ya kutafsiri iliyo ndani ya simu ni mrithi wa mkalimani, na pamoja na kazi yake imerithi matatizo yake matatu ya kale. Tatizo la kwanza ni lugha ya kati, yaani lugha ambayo maneno hupitia kabla ya kufika yaendako. La pili ni watoaji wa maneno, ambao majina yao husahauliwa. La tatu ni dhamana: nani atajibu iwapo tafsiri imepotoka?

Kiswahili ni mfano mzuri wa kuchunguzia mambo haya. Kwa karne nyingi kilikuwa chenyewe lugha ya kati baina ya pwani na bara. Leo, ndani ya simu, mara nyingi kimekuwa lugha inayofikiwa kwa kupitia lugha nyingine. Mabadiliko haya ya nafasi hayajachunguzwa kama inavyostahili, na athari zake kwa lugha si ndogo.

Yafaa kwanza kutaja jambo moja la istilahi. Kiarabu hutumia neno moja kwa kuhamisha maana kutoka lugha hadi lugha, nalo ni tarjama, na neno jingine kwa kueleza maana iliyofichika, nalo ni tafsiri. Kiswahili kilichukua neno la pili na kulifanya litumike kwa kazi zote mbili. Kwa hiyo katika msamiati wa Mswahili, kutafsiri hakujaachana na kueleza. Mfasiri ni mtu anayetarajiwa kuwa amelielewa jambo kabla ya kulisema. Maana hii ya asili itafaa kukumbukwa hapo baadaye, itakapoonekana mashine inayohamisha maneno bila kutarajiwa kuyaeleza.

1. Wakalimani wa pwani

Ushahidi wa kale kuhusu ukalimani katika pwani ya Afrika Mashariki hupatikana katika kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake aliyeeleza biashara ya Rhapta anasema kwamba manahodha na mawakala wa Kiarabu waliijua pwani ile, wakaoana na wenyeji na kuifahamu lugha yao. Hapa mkalimani si mtu wa kazi maalumu. Ni mkwe, ni mshiriki wa biashara, ni mtu ambaye akisema uongo atadaiwa na ukoo mzima. Dhamana yake imo katika ujamaa.

Hali ilikuwa tofauti Vasco da Gama alipofika Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498. Katika merikebu zake alikuwamo Fernão Martins, aliyejua Kiarabu. Kireno kiligeuzwa kuwa Kiarabu, na Kiarabu kikapokelewa na wale wenyeji waliokijua. Mazungumzo ya kwanza baina ya Ureno na miji ya Waswahili yalipita basi katika lugha ya tatu, ambayo haikuwa ya mgeni wala ya mwenyeji wa kawaida.

Wakati huohuo, katika upande wa elimu na dini, pwani ilikuwa na desturi yake ya tafsiri ya maandishi. Utenzi wa Hamziya, ulioandikwa kwa Kiarabu na al-Busiri katika karne ya 13, ulitafsiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate. Katika miswada, mistari ya Kiarabu na ya Kiswahili hufuatana, hivi kwamba msomaji huweza kuona asili na tafsiri kwa pamoja. Desturi hii ina funzo kubwa: tafsiri haikuficha matini iliyotoka. Msomi aliyeijua lugha ya asili aliweza kumsahihisha mfasiri pale pale kwenye ukurasa.

2. Msururu wa Bombay

Misafara ya karne ya 19 ilikipeleka Kiswahili hadi Tabora, Ujiji na Buganda, na ikamfanya mkalimani awe mtu wa lazima. Hapana mfano unaofaa zaidi kuliko ule wa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akakamatwa akingali mtoto, akauzwa na kupelekwa Bara Hindi, na baadaye akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Burton na Speke walipofunga safari ya bara mwaka 1857, Bombay alisemezana nao kwa Kihindustani, lugha ambayo maafisa hao wawili wa jeshi la Bara Hindi walikuwa wameipata kazini, naye alikuwa ameipata utumwani. Baadaye alisafiri tena na Speke na Grant, na vilevile na Stanley na Cameron.

Mwaka 1862 Speke alifika katika baraza la Kabaka Mutesa. Ili neno lake limfikie Kabaka, alilisema kwa Kihindustani kwa Bombay. Bombay akalisema kwa Kiswahili kwa mkalimani mwingine. Huyo akaligeuza kuwa Kiganda. Na kwa adabu za baraza lile likapitia kwa mtumishi wa Kabaka kabla ya kumfikia mwenyewe. Jibu lilirudi kwa njia ile ile. Speke alilalamika kuhusu kucheleweshwa huku, lakini mwanaisimu atauliza swali jingine: ni nini kilichoanguka njiani?

Kila kiungo cha msururu kama huu kina sarufi yake. Lugha inayotofautisha heshima kwa viwakilishi ikifuatwa na lugha inayoitofautisha kwa njia nyingine, tofauti ile lazima itafutiwe mavazi mapya, au iachwe. Kiungo kinachokosa njia ya kusema jambo fulani hukilazimisha kiungo kinachofuata kulikisia. Mashahidi wa baraza lile walisikia maneno ya mwisho tu, na kwao hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya Speke. Faida pekee ya msururu wa Bombay ni kwamba kila kiungo kilikuwa mtu. Angeweza kuulizwa, na angeweza kusema, "Hapo sikuelewa."

3. Tafsiri na mkataba

Suala la dhamana lilijitokeza kwa ukali wakati wa kugawanywa kwa Afrika. Mnamo Novemba 1884 Karl Peters alipita Usagara na sehemu za jirani akikusanya alama za watawala kwenye mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, ukiwamo ule wa Mangungu wa Msovero. Watawala wale walielezwa maneno kwa mdomo kupitia mkalimani, lakini kilichobaki na kupelekwa Berlin kilikuwa ni karatasi. Aliyeweka alama hakuweza kuisoma, na aliyeisoma huko Berlin hakuwa na haja ya kujua lililosemwa Msovero.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1889, Ethiopia na Italia zilitia sahihi mkataba wa Wuchale. Kifungu cha 17 katika matini ya Kiamhari kilimpa Menelik nafasi ya kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine, akipenda. Matini ya Kiitaliano ilimlazimisha kufanya hivyo, na Italia ikadai kwamba Ethiopia imekuwa chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba, na mgogoro huo ukaishia katika vita vya Adwa mwaka 1896. Tofauti na Mangungu, Menelik alikuwa na matini katika lugha yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo aliweza kuonyesha kwamba amedanganywa. Mtu asiye na matini ya lugha yake hana hata mahali pa kuanzia lalamiko lake.

4. Kamusi, kamati na wasaidizi wasiotajwa

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi Ali bin Mohedin. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 na kutoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870; katika kazi ya Zaburi alisaidiwa na Sheikh Abdul Aziz. Kamusi za Madan zilifuata, ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903.

Katika vitabu hivi jina la mgeni limo kwenye jalada. Jina la mwenyeji, likiwa na bahati, limo katika dibaji. Kadhi na sheikh wanajulikana kwa sababu walikuwa wasomi wa cheo. Lakini wanawake, mabaharia, wapagazi na wanafunzi wa misheni waliotoa maelfu ya maneno hawajulikani kabisa. Hata hivyo, kila ukurasa wa kamusi hizo ni ushahidi wao.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamusi za Kamati, zilizotolewa mwaka 1939, zilijengwa juu ya kazi ya Madan. Hivyo Kimvita, Kiamu na lahaja nyingine zikawekwa kando katika vitabu vya shule na vya serikali. Uamuzi huu huzungumzwa mara nyingi katika historia ya usanifishaji, lakini una matokeo ambayo hayakuweza kutazamiwa wakati ule: matini nyingi zilizochapwa baada ya hapo zilikuwa za lahaja moja, na mashine ilipokuja kujifunza Kiswahili miaka 80 baadaye, ilijifunza kutokana na matini hizo. Kiswahili cha simu ni mjukuu wa mkutano wa Mombasa.

Baada ya uhuru, tafsiri iligeuka kuwa kazi ya wenyeji wenyewe. Nyerere alitoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka huo wa 1969 ilitoka pia tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, baada ya ile ya Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ile ya Mubarak Ahmad ya mwaka 1953. Tafsiri hizo tatu za kitabu kimoja, zilizofanywa na Mkristo, Mwahmadia na Msunni, zinatosha kuonyesha kwamba mkono wa mfasiri hauwezi kufichika. Msomaji alijua ni nani anayesema, akapima maneno kwa kipimo hicho.

5. Kuzaliwa kwa mashine ya kutafsiri

Mnamo Julai 1949 Mmarekani Warren Weaver aliwapelekea wataalamu wenziwe waraka kuhusu uwezekano wa kutafsiri kwa tarakilishi. Fikira yake ilitokana na kazi ya kufumbua siri za vita: matini ya Kirusi, alisema, inaweza kutazamwa kana kwamba imeandikwa kwa Kiingereza na kufichwa kwa alama ngeni. Kwa mwanaisimu, fikira hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Inachukulia kwamba chini ya kila lugha iko lugha moja, na kwamba hiyo moja ni Kiingereza.

Tarehe 7 Januari 1954, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha hadharani jijini New York mashine iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza, ikitumia maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Ilitabiriwa kwamba tatizo lingemalizika katika miaka mitatu hadi mitano. Halikumalizika. Mwaka 1966 kamati iliyojulikana kama ALPAC iliripoti kwa serikali ya Marekani kwamba tafsiri ya mashine ilikuwa ya polepole zaidi, yenye makosa zaidi na ya gharama kubwa zaidi kuliko ya binadamu, na fedha za utafiti zikapungua sana.

Kiswahili kiliingia katika historia hii kwa njia ya sarufi. Tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga mfumo wa kuchambua maneno ya Kiswahili kwa tarakilishi, ambao baadaye ulikua na kuitwa SALAMA. Ugumu wake unaeleweka kwa mtu yeyote aliyefundisha mofolojia ya Kibantu. Neno hatukuwapikia ni neno moja kwa macho, lakini lina viambishi na mzizi vinavyofikia saba: ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Mashine inayosoma maneno mazimamazima italiona neno hilo kuwa geni hata kama imekwisha kuona pika mara elfu. Hurskainen aliifundisha mashine kanuni, kama mwalimu amfundishavyo mwanafunzi. Ikikosea, kanuni iliyokosewa huweza kutafutwa na kurekebishwa.

Njia nyingine ndiyo iliyoshinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa IBM waliacha kanuni, wakachukua kumbukumbu za Bunge la Kanada, ambazo kwa sheria hutolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, na kuiachia mashine ihesabu ni maneno gani huelekea kulingana na maneno gani. Hawakuhitaji mjuzi wa sarufi. Walihitaji matini sambamba, na nyingi mno.

Hapa inafaa kulinganisha na Kenya. Mnamo Julai 1974 Rais Kenyatta alitangaza Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini kumbukumbu za Bunge la Kenya huandika hotuba katika lugha iliyosemwa, bila kuandamana na tafsiri yake katika lugha ya pili. Kanada ilizaa matini sambamba kwa sababu sheria yake ililazimisha. Kenya ina lugha mbili rasmi zinazokaa nyumba moja bila kutafsiriana. Uchache wa matini sambamba za Kiswahili unaolalamikiwa na wahandisi, kwa sehemu kubwa, ni tunda la sera ya lugha, wala hautokani na upungufu wowote wa Kiswahili chenyewe.

6. Tafsiri mkononi

Kampuni ya Google ilianzisha huduma yake ya kutafsiri kwa takwimu mnamo Aprili 2006, ikianza na Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili kiliongezwa mwaka 2009. Programu ya simu ilifuata, kwa simu za Android mwaka 2010 na kwa iPhone mwaka 2011. Mwishoni mwa mwaka 2010 ilitoka pia Word Lens, iliyotafsiri maandishi yaliyoonwa na kamera; Google iliinunua mwaka 2014. Tangu mwaka 2016 hesabu za takwimu zilianza kubadilishwa kwa mitandao ya neva, ambayo husoma sentensi nzima badala ya vipande, na ufasaha wa tafsiri ukaongezeka sana.

Manufaa ya chombo hiki hayakanushiki. Mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka Kenya kwenda nchi za Ghuba, asiyejua Kiarabu, anaweza kusoma dawa ya mtoto aliyekabidhiwa, na kumwambia mwenye nyumba kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa. Kwake yeye kuhoji kama simu inafaa ni anasa ya wenye lugha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tafsiri yake yastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwani hana namna ya kuipima.

Katika mifumo ya takwimu, jozi nyingi za lugha zilitafsiriwa kwa kupitia Kiingereza, kwa kuwa matini sambamba zilizokuwapo zilikuwa za kila lugha na Kiingereza. Mifumo ya baadaye hufunzwa lugha nyingi kwa pamoja, lakini sehemu kubwa ya mifano yake ingali ni ya Kiingereza na lugha nyingine. Msururu wa Bombay umerudi, isipokuwa viungo vyake havionekani.

Mifano mitatu itatosha. Kwanza, Kiswahili hutofautisha umefika na mmefika. Kifaransa nacho hutofautisha nafsi ya pili umoja na wingi. Kiingereza cha leo hakitofautishi. Kwa hiyo habari iliyopo katika lugha chanzi, na inayotakiwa na lugha lengwa, hupotea katikati, na mashine hulazimika kukisia jambo ambalo msemaji alikwisha kulisema.

Pili, Mswahili hamchanganyi mjomba na ami. Mwarabu vilevile ana neno moja kwa ndugu wa mama na jingine kwa ndugu wa baba. Na ami lenyewe limetoka katika Kiarabu. Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili. Neno lililotoka Uarabuni na kukaa pwani kwa karne nyingi linakosa njia ya kurudi kwao, kwa kuwa limepitishwa London. Kwa mtu anayeeleza nani ana haki ya kumwozesha binti au kurithi mali, hili si kosa dogo.

Tatu, sentensi Yeye ni daktari haina jinsia. Ikienda kwa Kiingereza ni lazima ipewe, na mashine ya takwimu huitoa kulingana na mazoea ya matini ilizosoma: daktari huwa mwanamume, muuguzi huwa mwanamke. Mwaka 2018 Google ilianza kuonyesha tafsiri za jinsia zote mbili kwa sentensi za namna hii kutoka Kituruki, lugha ambayo kama Kiswahili haina jinsia katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Hatua hiyo ilikuwa ni kukiri kwamba mashine ilikuwa ikiongeza neno ambalo halikusemwa.

Suala la watoaji wa maneno nalo halikwisha. Mwaka 2019 ulitolewa mkusanyo uitwao JW300, uliotokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, nao ukatumiwa sana katika utafiti wa lugha za Kiafrika. Baadaye uliondolewa kwa sababu ya haki za wenye matini. Pamoja na Biblia, maandishi ya namna hii ndiyo yaliyokuwa matini sambamba nyingi kupita zote kwa lugha nyingi za bara hili. Ni dhahiri kwamba mashine iliyolelewa hivyo itakuwa na mifano tele ya roho, neema na ufalme, na michache ya dema, juya, tezi na omo. Steere na Krapf wangeitambua maktaba yake. Na wafasiri waliokesha wakizitafsiri kurasa zile hawatajwi, hata katika dibaji, kwa kuwa mashine haina dibaji.

Dhamana je? Mnamo Oktoba 2017 polisi wa Israel walimkamata mfanyakazi wa ujenzi wa Kipalestina aliyekuwa ameandika kwa Kiarabu, chini ya picha yake, salamu ya asubuhi. Mfumo wa kutafsiri wa Facebook uliigeuza kwa Kiebrania kuwa wito wa kushambulia. Hakuna afisa mjuzi wa Kiarabu aliyeyasoma maandishi yale kabla ya kukamatwa kwake. Aliachiliwa baada ya saa kadhaa, na kampuni ikaomba radhi. Kisa hiki kinafanana na kile cha Msovero katika jambo moja: aliyeamua alikuwa na tafsiri peke yake mbele yake, na hakuona haja ya kuirudia asili.

7. Lugha za jirani

Kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa karibu peke yake katika eneo hili ndani ya vyombo hivi. Hali imebadilika. Mnamo Mei 2022 Google iliongeza lugha 24, zikiwamo Luganda na Lingala, kwa njia ambayo mashine huona matini za lugha yenyewe bila mfano wa tafsiri yake. Mnamo Julai 2022 kampuni ya Meta ilitangaza mfumo wa lugha 200, zikiwamo Kikuyu, Kikamba na Dholuo. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha nyingine 110. Aidha, tangu mwaka 2019 watafiti wa Kiafrika wenyewe wamejikusanya katika umoja wa Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja. Katika umoja huo wasemaji wa lugha ni watafiti wenye majina yao kwenye makala, hali ambayo haikuwapo enzi za kamusi za misheni.

Hata hivyo, lugha kuorodheshwa na lugha kutafsiriwa vizuri ni mambo mawili. Lugha yenye matini chache hupewa sentensi laini zisizo na hakika, na ulaini huo ni hatari kuliko kigugumizi cha mashine za zamani. Tafsiri ya mwaka 2009 ikikosea, kosa lilionekana. Ya leo hukosea kwa ufasaha. Msomaji asiyejua lugha chanzi hana dalili yoyote ya kumwonya.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba vyombo vimebadilika mara nyingi huku masuala yakibaki yale yale. Kutokana nayo yanaweza kupendekezwa mambo manne kwa idara za lugha.

Kwanza, idara zidai matini sambamba za umma. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria inayotokana na hatua hiyo inazaa matini za aina ambayo Kiswahili kimezikosa. Kenya, yenye lugha mbili rasmi katika Katiba, ingeweza kuanza na kumbukumbu za Bunge.

Pili, tafsiri za moja kwa moja baina ya Kiswahili na Kiarabu, Kifaransa, Kisomali na lugha za Kibantu zipewe nafasi yake katika mitaala, ili kupunguza utegemezi wa lugha moja ya kati. Wajuzi wa lugha hizo wapo Lamu, Garissa na Lubumbashi. Kinachokosekana ni kuwaandikisha, kuwalipa, na kuyaandika majina yao.

Tatu, somo la tafsiri lijumuishe uhakiki wa tafsiri za mashine. Mwanafunzi aliyezoea kuichambua Mabepari wa Venisi apewe pia ukurasa uliotoka kwenye simu, pamoja na matini yake ya asili, na aonyeshe kila mahali ambapo lugha ya kati imeacha alama yake. Hapo desturi ya miswada ya Hamziya, ya kuweka asili na tafsiri bega kwa bega, itakuwa na faida mpya.

Nne, mahali ambapo haki au uhai wa mtu unahusika, tafsiri iwe na mtu wa kuijibia. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo huapishwa. Mashine haiapi, na kama mahakama, hospitali au ofisi ya ajira itaitumia kwa sababu ni rahisi, basi ofisa aliyeitumia ndiye atakayehesabiwa kuwa amesema.

Sidi Mubarak Bombay hakuwa mkalimani asiye na makosa. Waliomwajiri walimlaumu mara nyingi. Lakini walijua ni nani wa kumlaumu, naye alikuwapo kujitetea. Kazi iliyo mbele ya wanaisimu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba mrithi wake aliyemo ndani ya simu naye ana mtu wa kumsemea, anayeijua lugha na aliye tayari kuulizwa.